Mkeka wa Mtani

Mkeka ulikuwa unapumua.

Aikande Nkya aliuona kupitia kifuniko cha kioo, umetandazwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, mwembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka, mwekundu wa waridi, ukipanda na kushuka. Aliweka kiganja juu ya kioo, kisha akakiondoa upesi, akihofu joto la mkono wake lisije likaudhuru.

"Gusa tu," alisema Dokta Hiza. "Kioo hicho hata ukikipiga nyundo." Alikuwa mwanamume mfupi, mchangamfu, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipofurahi, na asubuhi hiyo miwani ilikuwa inang'aa. "Dada Aikande, tangu nianze kazi hapa Same sijafuma mkeka ulioshika namna hii. Milimita kumi! Sisi huwa tunaomba saba, huu umetupa kumi na bado unataka."

"Unataka nini?"

"Unakutaka wewe."

Aikande hakucheka. Kwake yeye namba ilikuwa nne. Nne nukta mbili, siku mwili ukiwa na huruma. Tangu ile mimba iliyoharibika kule Mamba, na kusafishwa kwa harakaharaka baadaye, ukuta wa ndani wa mfuko wake wa uzazi ulibaki na makovu, ukagoma kunenepa. Alimeza vidonge vya homoni mpaka uso ukavimba. Alidungwa maji yaliyochujwa kutoka kwenye damu yake mwenyewe. Kila hospitali aliyokwenda walimwonyesha picha ileile ya ultrasaundi, mstari uleule mwembamba, na kumwambia kwa upole uleule kwamba mayai ni mazuri, mume hana tatizo, ila mtoto akifika hapati pa kujishikiza. Viinitete vyake, vilivyotungwa maabara, vilipandikizwa kimoja baada ya kingine, vikateleza kimoja baada ya kingine, mpaka kikabaki kimoja.

Ndipo wakaja mafundi wa mikeka. Walichukua nyuzi za mkonge, zilezile za magunia na kamba, wakazisaga mpaka zikawa laini kuliko utando wa buibui. Juu ya nyuzi hizo walipanda chembe hai zilizovunwa kutoka kwa mwanamke mwingine aliyekwisha kuzaa, wakaziosha alama za mwenyewe ili mwili mgeni usizikatae, wakazilisha, wakazingoja. Zikishikana zinakuwa zulia zima la kulalia mtoto. Jina la kitaalamu lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Watu walisema mkeka, basi.

"Siri yake ni mizizi," Dokta Hiza aliendelea, akiinamia beseni kama mpishi anayeinamia sufuria yake. "Mikeka mingi tunafuma kwa majani tu. Huu una mizizi."

Aikande alidhani ni majigambo ya fundi. "Na kiinitete?"

"Tumekiamsha kwenye barafu alfajiri. Kimeamka vizuri sana. Saa nane mchana tunatandika mkeka, tunakilaza juu yake."

"Kama kukitokea jambo, kinaweza kurudishwa kwenye barafu?"

"Kikishaamka hakirudi. Na mkeka nao jua la leo likizama unaanza kujikunja." Alimtazama usoni. "Lakini jambo gani litokee? Nenda kapumzike, dada yangu. Hofu inabana mishipa."

Alitoka. Hofu ikatoka naye.

*

Sauti ya Namkunda ilitangulia, yeye akafuata.

"Yuko wapi yule Mchaga aliyenila nyama?"

Watu wote waliokuwa wanasubiri kwenye baraza waligeuka. Namkunda Mrutu aliingia na kitenge kipya kilichokuwa bado kinanukia duka, hotpoti ameikumbatia kifuani. Alikuwa mnunuzi wa tangawizi kule Mamba, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia. Mabega hayo ndiyo yaliyombeba Aikande siku mimba ilipoharibika, alipokuwa amepanda mlimani kutengeneza mitambo ya upepo na damu ikamshika katikati ya watu asiowajua. Namkunda alimshusha mpaka barabarani mgongoni, na njia nzima alimtukana: Mchaga mzito, mifuko imejaa sarafu. Aikande alikuwa analia na kucheka. Tangu siku ile wakawa watani wa kweli, si watani wa kabila tu, na chembe za mkeka zilivunwa kwake.

"Punguza sauti, mtani. Hapa hospitali."

"Kwani sauti nimeikopa kwako?" Akaketi, akaweka hotpoti katikati yao. "Makande. Na usiulize kama yana nyama."

"Nishajua hayana. Siku Mpare akitia nyama kwenye makande, dunia imeisha."

"Nimeongeza maharage mawili kwa heshima ya mgonjwa. Yahesabu, najua utayahesabu."

Aikande alihisi kifua kikilegea kidogo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Msuya hajambo?"

"Hajambo, ananenepa. Nimemwambia asinenepe haraka, ile suti ya harusi tunataka kuiuza." Kisha Namkunda akafanya jambo ambalo Aikande hakuwahi kumwona akilifanya mbele za watu. Alishusha sauti. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na vipimo viwili vya mimba, bado vimo kwenye karatasi zake. "Kimoja chako, utakipima wakikuruhusu. Kingine changu. Sijakipima. Nimesema nitakungoja, tupime siku moja, tusioneane wivu."

"Chako cha nini?"

"Wewe nawe! Kwani mimi na Msuya tumeoana ili tuangalie taarifa ya habari?" Alicheka, akajiziba mdomo. "Mtani, sijaona siku zangu. Mwezi ule wa kwanza baada ya kuvunwa walisema ni kawaida, mwili unashangaa kidogo. Haya. Wa pili nikasema ni pilikapilika za harusi. Sasa huu ni wa tatu." Mkono wake ulishuka ukatulia tumboni, pasipo yeye kuutuma. "Nimekwisha kumwambia Msuya. Mwanamume mzima hajawahi kuitwa baba na mtu. Aliketi juu ya gunia la tangawizi akalia. Nikamwambia, lia pembeni, utaloanisha mali."

Aikande aliutazama ule mkono. Alisikia neno *mizizi* likitamkwa tena kichwani mwake, kwa sauti ya furaha ya Dokta Hiza.

"Mbona umekauka hivyo? Furahi basi! Mwanangu atamtania mwanao mpaka wapelekane mahakamani."

"Nimefurahi," alisema Aikande. "Nimefurahi, mtani. Nakuja sasa hivi."

*

"Mizizi ni nini?"

Dokta Hiza alikuwa anaandaa vyombo. Aligeuka akitabasamu, na alipoona uso wake tabasamu likafifia. Hata hivyo alieleza, kwa sababu kueleza kulikuwa tabia yake. Ukuta wa mfuko wa uzazi una tabaka mbili. La juu ndilo wao wanaloliita majani: hunenepa kila mwezi na kuanguka kila mwezi, ndiyo hedhi yenyewe. Ukivuna majani, mwenye nayo hapungukiwi kitu. La chini ni mizizi, ndiyo inayoyaotesha majani tena.

"Ukivuna mizizi?"

"Mkeka unakuwa kama huu."

"Sijauulizia mkeka. Namuulizia mwenye mizizi."

"Hataona siku zake tena. Na hatashika mimba." Alisema haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Lakini huyo ni mtu aliyekwisha kumaliza kuzaa na ameridhia mwenyewe. Sikio lilimthibitisha. Bila Sikio sisi hatugusi mtu."

Kila mtu alilijua Sikio. Lilikuwa kisahani cheupe cha mezani na mkanda wa kufunga kifundo cha mkono. Zamani watu walitia sahihi, na karatasi zikagundulika kuwa zimetiwa sahihi na waume, na wajomba, na matajiri wa watu. Ikatungwa sheria. Mtoaji asiwe ndugu, maana ndugu hushurutishwa; asiwe mwajiriwa, asilipwe, maana mwenye njaa hushurutishwa zaidi. Na ridhaa isichukuliwe kwa kalamu. Ichukuliwe na chombo kinachosikiliza moyo na pumzi, kitambue hofu hata ikijificha. Ndugu walipokatazwa, watu wengi waliwaendea watani wao.

"Nisikilizishe rekodi ya siku ile," alisema Aikande.

"Dada Aikande, muda..."

"Nisikilizishe."

Sauti ya chombo ilitoka kwanza, tulivu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. "Ndugu Namkunda Mrutu, kina cha mavuno ni majani au kamili?"

Halafu ikasikika sauti ya Aikande mwenyewe, kwa mbali, yenye kicheko ndani: "Muulize vizuri huyo! Mpare atakupimia kwa kijiko."

"Nani kijiko? Nani kijiko? Andika kamili! Chukueni yote na mizizi yake, mfunge na kamba ya mkonge! Mimi duka nilishafunga, funguo nimetupa Ziwa Jipe."

Vicheko. Vicheko vya wawili, virefu, mpaka mmoja akakohoa.

"Kamili. Je, unaelewa matokeo yake?"

"Huyu Mchaga akielewa inatosha. Wao ndio wenye hesabu."

"Mapigo tulivu. Pumzi tulivu. Hakuna hofu. Ridhaa imethibitishwa."

Dokta Hiza alizima. Chumbani kulibaki mlio mdogo wa pampu ya beseni.

"Alikuwa anatania," alisema Aikande.

"Sikio halidanganyiki. Mtu aliyeshurutishwa moyo unamwenda mbio. Huyu alikuwa ametulia kabisa."

"Alikuwa anacheka, dokta! Nilimchokoza, akajibu. Nikisema wewe bahili, yeye afanye nini? Avue mpaka shati anitupie. Ndiyo utani huo!"

"Watani wote wanacheka pale. Ndiyo maana wanapita harak..."

Alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Wangapi?" Aikande aliuliza. "Watani wangapi wamepita haraka?"

Alivua miwani. Hakuifuta. Aliishika tu, na macho yake bila miwani yalionekana madogo na machovu. Waliolifundisha Sikio walikuwa wamelifundisha hofu kwa ukamilifu, hofu ya mwizi, ya mke, ya mtumwa. Hakuna aliyelifundisha utani. Mahali lilipoundwa, huenda hata neno lenyewe halikuwapo.

"Ana mimba?" Aikande aliuliza, ingawa alijua. "Hajaona siku zake miezi mitatu."

"Haiwezekani."

"Yeye anadhani anayo. Amekwisha kumwambia mumewe."

Dokta Hiza alitafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Mkeka unaweza kurudi kwake?"

"Ukiwa bado kwenye beseni, ndiyo. Mizizi inamjua mwenyewe hata ikioshwa. Ukirudishwa leo, siku zake zitarudi, na mengine yatafuata. Ukitandikwa kwako ndio basi, utakuwa wako moja kwa moja."

"Ukigawanywa?"

"Ukikatwa unakufa wote." Alisita. "Kisheria ni mali yako. Hata akija kudai, hatapata."

"Hatadai."

Hilo Aikande alilijua kuliko alivyojua sheria yoyote. Mtani akikunyang'anya kitu, hata jeneza likiwa mlangoni, hukasiriki. Wala hukidai. Unakikomboa kwa mzaha mwingine, na ukishindwa unakiacha kiende, ukiwa unacheka. Kuweka kinyongo kwa mtani ni aibu ambayo watu huihadithia.

"Mimi sitamwambia kabla ya saa nane," alisema Dokta Hiza taratibu, akiitazama sakafu. "Baada ya hapo itanibidi."

Alikuwa anamfungulia mlango. Wote wawili walijua ni mlango gani.

*

Dirisha la ujia lilitazama milima ya Upare. Kwenye ukingo wa mlima mitambo ya upepo ilikuwa inazunguka, mikono mitatu mitatu, mingine aliwahi kuipanda yeye mwenyewe na spana kiunoni. Alisimama hapo, paji la uso likigusa kioo.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza hakuhitaji nguvu, wala hakumlazimishi mtu kusema uongo. Angelala kitandani, angefumba macho, na saa tisa angekuwa na mtoto juu ya zulia la milimita kumi. Namkunda angeambiwa baadaye na mtu mwenye koti jeupe. Angelia siku mbili, kisha angekuja na hotpoti na kusema, Mchaga umenifilisi. Angekuja. Hapo ndipo palipomuuma Aikande: alijua angekuja.

Simu ikalia. Barikieli, mumewe, alikuwa anatoka kazini Arusha kuja kwake.

"Umeuona? Unafananaje?"

"Mzuri," alisema. "Mzuri mno. Bariki, nikikuambia tuurudishe?"

Alisikia gari likipunguza mwendo, likiegeshwa. Akamweleza. Hakumficha kitu, hata kile kicheko chake mwenyewe kwenye rekodi. Alipomaliza alisikia malori yakipita.

"Sina la kukufundisha," alisema Barikieli mwishoni. "Lakini nitakasirika, Aikande. Lazima nikasirike. Nitakasirika Moshi nzima, nitakasirika mpaka Mwanga. Nikifika Same nitakuwa nimemaliza."

*

Alifunga mkanda wa Sikio mwenyewe. Dokta Hiza akamsaidia kuukaza.

"Ndugu Aikande Nkya, unaurudisha mkeka kwa aliyeutoa, kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Taa ndogo ikawaka nyekundu. "Mapigo yako juu. Pumzi imekatika. Dalili za shuruti zipo. Ridhaa haijathibitishwa."

"Nimesema ndiyo."

"Ridhaa haijathibitishwa."

Alivuta pumzi, akaishikilia, akaitoa polepole kama walivyomfundisha kwenye mazoezi. Alifikiria maji. Alifikiria kilele cha mtambo siku isiyo na upepo. Kisha akafikiria kile kitone kidogo kilichoamka alfajiri, kikimngoja kwenye chumba cha pili, na moyo ukamruka kama panya kwenye debe.

"Ridhaa haijathibitishwa. Iwapo unashurutishwa na mtu aliyemo chumbani, sema neno lolote."

"Hakuna anayenishurutisha!" alifoka. "Naumia tu! Mtu haruhusiwi kuumia?"

Nyekundu.

"Nipe dawa ya kutuliza," alimwambia Dokta Hiza.

"Likinusa dawa linafunga kila kitu mpaka kesho."

Aikande alikitazama kile kisahani cheupe kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa binadamu. Kilimruhusu Namkunda atoe asichokusudia kutoa, kwa kuwa alicheka. Na yeye aliyekusudia kilimkatalia, kwa kuwa aliumia. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea nane. Ndani ya beseni mkeka ulipanda, ukashuka, haujui wa nani.

"Mwite," alisema. "Mwite mtani wangu."

*

Namkunda aliingia na hotpoti yake kwa kuwa hakuwaamini watu wa barazani. Aliangalia nyuso mbili, akaangalia beseni, na mzaha aliokuwa ameuandaa ukafia mdomoni.

Aikande alimwambia. Hakuzunguka. Alitaja majani na mizizi, alitaja kamba ya mkonge na Ziwa Jipe, na alipofika mwisho alisema, "Hamna mimba, mtani. Nilichonacho mimi pale kwenye beseni ndicho ulichokosa."

Mkono wa Namkunda ulikuwa bado tumboni. Aliutazama, akauondoa, akawa hajui auweke wapi.

"Kwa hiyo humu hamna mtu."

"Hamna."

"Msuya amelia bure." Aliweka kipimo mezani, kwenye karatasi yake, akakinyoosha kwa kidole mpaka kikakaa sawa na ukingo wa meza. "Unajua, jioni ile niliwaza. Nikasema, lile dude lisije likawa limeshika maneno yangu kama yalivyo. Nikasema kesho nikaulize. Nikaona nitaulizaje? Nikupigie nikuambie, yale ya jana sikumaanisha, nirudishie? Kwamba Mpare kweli bahili? Ungenicheka mpaka leo."

"Ningekucheka."

"Umeona." Akajikaza, akainua kidevu, na mabega yale mapana yakanyooka. "Haya. Mtani akishachukua amechukua. Endeleeni, saa inakwenda. Mimi nina mwanangu Elinami, amekwisha kukua, ananitumia vocha..." Sauti ilimwishia hapo.

Aikande hakumkumbatia. Kama angemkumbatia, wangekuwa watu wawili wanaoomboleza, na Namkunda asingepokea kitu kutoka kwa mtu anayemwonea huruma. Njia ilikuwa moja.

"Nani kasema naendelea?" alisema. "Kitu cha mtani kinakombolewa. Komboa."

Namkunda aliinua macho. "Nini?"

"Komboa mali yako. Mimi Mchaga, sitoi bure."

"Nikomboe na nini? Nina makande tu hapa."

"Lete makande."

"Haya, chukua makande."

"Na hotpoti."

"Hotpoti ya mama mkwe!" Namkunda aliruka, akaivuta kifuani kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kidevu. "Mchaga huna haya wewe! Kizazi changu kipo kwenye karai, mume wangu amelia juu ya magunia, na wewe bado unabeba na vyombo!"

Kicheko kilimtoka Aikande kutoka mahali asipopajua. Kilitoka na kilio ndani yake, kikamkunja, kikamlegeza mabega, magoti, na vidole vilivyokuwa vimekakamaa tangu alfajiri. Namkunda naye alikuwa anacheka, anapiga paja, anapenga kamasi kwenye kitenge kipya. "Na kijiko," Aikande alisema, hana pumzi. "Na kijiko, nitakula na nini?"

"Ndugu Aikande Nkya, unaurudisha mkeka kwa hiari yako?" Sikio liliuliza, mkanda ukiwa bado mkononi mwake.

"Mrudishie! Mrudishie asije akanishtaki!"

"Mapigo tulivu. Pumzi tulivu. Ridhaa imethibitishwa."

Taa ilikuwa ya kijani. Dokta Hiza aliitazama, akawatazama wanawake wawili walioshikana mikono juu ya hotpoti. Sikio lilikuwa limepata jibu sahihi safari hii. Halikuelewa kitu, kama mara ya kwanza.

*

Walitenganishwa na pazia.

Upande wa pili Aikande alisikia maji yakimiminwa, vyombo vikigongana taratibu, Dokta Hiza akisema *tulia, tulia hivyo hivyo*, halafu pumzi ya mtu aliyefunguliwa mzigo. Mkeka ulikuwa umefika kwao.

Dokta alipokuja upande wake, miwani ilikuwa imelowa jasho.

"Kiinitete changu," alisema Aikande. "Kimeamka, hakirudi barafuni. Kiweke."

"Wapi?"

"Kwangu."

"Kwenye nne nukta mbili." Alisema kwa sauti ndogo. "Dada yangu, unajua uwezekano wake..."

"Sijauliza uwezekano. Nimesema kiweke. Kisife peke yake kwenye kioo."

Aikande alifikiri dokta atabisha. Hakubisha. Alinawa mikono tena, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mahali fulani barabarani Barikieli alikuwa amefika Mwanga, au alikuwa ameipita.

"Mtani!" Sauti ilipaa juu ya pazia, dhaifu lakini ileile. "Huyo akikosa godoro asikusumbue. Atazoea kulala chini. Atakuwa Mpare!"

"Usinichekeshe! Nimeambiwa nisitikisike."

"Basi tulia. Natulia na mimi."

Wakatulia wote wawili. Skrini ilikuwa juu ya kichwa chake, kijivu juu ya kijivu, na katikati ukapita ule mstari anaoufahamu kama mwandiko wake, mwembamba, haujaongezeka hata kidogo. Mrija ulifika. Ulisimama. Kutoka kwenye ncha yake kikatoka kitone cheupe, kimoja, kikang'aa, kikaelea, kikaenda upande, kikarudi.

Kikatua juu ya mstari.

Aikande akaacha kupumua, ili asikitikise.